Clarendon na Dhima ya Mkozo: Uhakiki wa Herufi Nzito katika Matini za Kitaaluma

Uhakiki huu unachunguza sifa na matumizi ya Clarendon, mtindo wa herufi nzito zenye serifu, yaani vikono vidogo vinavyomalizia ncha za mistari ya herufi. Mtindo huo ulitolewa mwaka 1845 na kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street, London, chini ya Robert Besley. Herufi zenyewe zilichongwa na Benjamin Fox. Hoja yetu kuu ni kwamba thamani ya herufi nzito haitokani na unene wake pekee, bali na uhusiano wake na herufi za kawaida zinazoizunguka.

Kabla ya hapo, herufi nene nchini Uingereza zilikuwa hasa za mabango. Zilikusudiwa kuvuta macho ya mpita njia, na zilipoingizwa ndani ya aya ziliivuruga. Clarendon ilipunguza ukali huo. Serifu zake ni nene, lakini huungana na shina la herufi kwa pindo laini. Tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba ipo, ingawa si kubwa. Kwa hiyo, neno moja liliweza kukolezwa na bado likasomeka kama sehemu ya mstari uleule. Sifa hiyo iliufanya mtindo huu uzifae kamusi: toleo la kwanza la Oxford English Dictionary lilipanga vidahizo vyake kwa Clarendon. Hifadhi ya kisheria ya usanifu huo ilidumu miaka 3 tu, kisha washindani wakauiga.

Mantiki hiyo inaihusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya sarufi yetu hukaa ndani ya neno. Mchambuzi anapokoleza kiambishi -esh- katika wanasomeshana, unene wa herufi humwonesha msomaji mipaka ya mofimu bila kulikata neno vipande. Mlazo wa herufi tatu hupita bila kuonekana kwa urahisi. Hapa mkozo si pambo. Ni sehemu ya ushahidi.

Udhaifu hujitokeza pale tasnifu inapokoleza vichwa, istilahi, majina ya wataalamu na mifano kwa pamoja. Mtahini hushindwa kutofautisha kilichosisitizwa kwa hoja na kilichokolezwa kwa mazoea, na kauli "msisitizo ni wetu" hupoteza maana. Yaweza kudaiwa kwamba vichwa navyo vinahitaji mkozo. Hata hivyo, kichwa kinaweza kutambulishwa kwa namba, ukubwa na nafasi; kiambishi kilicho katikati ya neno kina nyenzo chache mno.

Kwa msingi huo, tunahitimisha kuwa mtafiti anapaswa kuamua mapema mkozo utabeba dhima ipi katika kazi yake, aieleze dhima hiyo katika sura ya kwanza, na asiutumie kwa jambo jingine.