Ridhaa kwa Kiswahili cha Nani? Uhakiki wa Lugha ya Fomu za Utafiti wa Kitabibu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Kiswahili cha fomu za ridhaa zinazotumika katika utafiti wa kitabibu Afrika Mashariki na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba tafsiri rejeshi, ambayo kamati nyingi za maadili huichukulia kuwa uthibitisho wa ubora wa fomu, hupima uaminifu wa matini ya Kiswahili kwa Kiingereza, lakini haipimi uelewa wa anayeombwa kushiriki. Kwa kuchambua istilahi nne, makala yanaonesha kwamba uteuzi wa maneno ni suala la kimaadili kabla ya kuwa suala la ufasaha, na yanatoa mapendekezo kwa watunga sera.

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na kamati moja ya maadili ya utafiti kusoma fomu ya ridhaa iliyokuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Fomu iliambatana na hati ya kuthibitisha kwamba tafsiri rejeshi ilikuwa imefanyika na kwamba hapakuwa na tofauti yoyote ya maana. Katika ukurasa wa nne nilikuta maelezo kwamba nusu ya watoto wangepewa dawa inayofanyiwa utafiti na nusu nyingine wangepewa dawa bandia.

Kisarufi, sentensi ile haikuwa na kasoro. Lakini katika zahanati zetu hubandikwa mabango ya kuwaonya wananchi dhidi ya dawa bandia, na anayeziuza hushitakiwa. Kwa hiyo mama aliyeketi chini ya bango la namna hiyo alikuwa akiombwa kutia sahihi ili mwanawe apewe kile ambacho serikali inakiita hatari. Mfasiri wa pili, aliyekuwa ameisoma mikataba mingi ya aina hiyo, alijua kilichokusudiwa na akairejesha istilahi ya Kiingereza ileile. Mzunguko ukafungwa, na tatizo likabaki ndani yake.

Tukio hilo ndilo chanzo cha makala haya. Kwa muda mrefu, wanaisimu wa Kiswahili tumeyaachia maadili ya utafiti wanasheria na wanatiba, nasi tukajitengea kazi ya kusahihisha upatanisho wa kisarufi. Mgawanyo huo wa kazi umekuwa na gharama.

Uelewa kama sharti la ridhaa

Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa utawala wa Kinazi, ziliweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza. Zilisisitiza pia kwamba anayeridhia lazima awe na ujuzi na uelewa wa kutosha wa jambo analoliridhia. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, limeendeleza msimamo huo katika marekebisho yake mbalimbali, likiwamo la mwaka 2024.

Nyaraka hizi zinadai uelewa wa mtu. Hakuna inayosema kwamba uelewa umepatikana pale matini ya lugha moja inapofanana na ya lugha nyingine. Hata hivyo, huo ndio ushahidi unaoletwa mbele ya kamati: matini ya Kiswahili hurudishwa katika Kiingereza na mfasiri mwingine, kisha Kiingereza hicho hulinganishwa na cha awali. Kinachopimwa hapo ni uhusiano wa maandishi mawili ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hayumo katika kipimo chenyewe.

Istilahi nne

Istilahi ya kwanza ni hiyo ya dawa bandia. Uzito wake unaonekana vizuri tukikumbuka mjadala wa mwaka 1997 kuhusu majaribio ya dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mwaka 1994 ilikwisha kubainika kwamba matibabu kwa kutumia AZT hupunguza maambukizi hayo kwa takribani theluthi mbili. Licha ya hayo, tafiti kadhaa katika nchi maskini, ukiwamo utafiti wa PETRA uliofanyika Afrika Kusini, Uganda na Tanzania, zilikuwa na kundi la wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliozipinga walisema jambo hilo lisingeruhusiwa Marekani. Waliozitetea walisema matibabu kamili yalikuwa ghali mno kwa nchi hizo, na kwamba ulinganisho wa aina ile ungetoa jibu la haraka kuhusu matibabu nafuu. Hoja zilizotawala zilikuwa za kitakwimu na kifalsafa. Lakini uadilifu wa utafiti wowote wa aina hiyo hutegemea pia sentensi moja anayosomewa mjamzito: je, ameambiwa waziwazi kwamba huenda atameza kidonge ambacho hakina kitu cha kumkinga mwanawe? Neno “bandia” halisemi hivyo. Humtisha asiyestahili kutishwa na humficha jambo anayestahili kulijua.

Ifahamike pia kwamba kundi la ulinganisho halipewi kitu kitupu kila mara. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwamo Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, na Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, watoto wa umri wa miezi 5 hadi 17 waliokuwa katika kundi la ulinganisho walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo ni chanjo halisi yenye manufaa yake. Kuwaweka watoto hao na wenye vidonge vitupu chini ya jina moja ni kuwanyima wazazi taarifa.

Istilahi ya pili ni “bahati nasibu”, inayotumiwa kueleza upangaji wa washiriki katika makundi. Katika matumizi ya kila siku, bahati nasibu ina mshindi na mshinde. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amepangwa kwa bahati nasibu, kisha akajua yumo katika kundi la ulinganisho, huhitimisha kwamba mwanawe amekosa. Ilhali jaribio huhalalishwa kimaadili na hali kwamba watafiti wenyewe hawajui kundi lipi litanufaika zaidi. Aidha, kwa Waislamu wengi wa pwani, bahati nasibu iko karibu mno na kamari, nayo ni haramu. “Kupiga kura” nako hakutatui tatizo, kwa sababu kura humaanisha uchaguzi, na hapa hakuna anayechagua. Maelezo marefu yanafaa zaidi: kompyuta ndiyo itakayopanga mtoto aingie kundi gani, si daktari, si wewe, na hadi sasa hakuna ajuaye kundi lipi litapata nafuu zaidi.

Istilahi ya tatu ni kitenzi “kupima”. Mtu anapokwenda hospitali kupimwa, hutarajia kuambiwa anaumwa nini. Fomu inaposema kwamba damu itachukuliwa ili ipimwe, msikilizaji husubiri majibu yake. Pengine damu hiyo itahifadhiwa kwenye jokofu kwa miaka kadhaa na haitatoa jibu lolote linalomhusu yeye binafsi. Hapa lugha inaimarisha dhana potofu inayojulikana sana katika taaluma ya maadili, yaani mshiriki kudhani kwamba kila kinachofanywa na watafiti ni sehemu ya matibabu yake. Tena, fomu nyingi hueleza kiasi cha damu kwa kijiko cha chai, kwa kuwa mililita 5 hulingana na kijiko kimoja. Kipimo hicho ni sahihi na kinaeleweka. Lakini kijiko ni chombo cha kupeleka kitu kinywani, na fomu inasomwa katika nchi ambamo simulizi za mumiani na wazimamoto, wanyonya damu wa zama za ukoloni, hazijasahaulika. Mfasiri anayezipuuza simulizi hizo kwa kuziita ushirikina atashangaa kwa nini watu walimkubalia mchana na kumkimbia jioni.

Istilahi ya nne ni “mshiriki”. Marekebisho ya Azimio la Helsinki ya mwaka 2024 yaliacha neno la Kiingereza linalomchukulia mtu kama anayetendewa na kuweka linalomtambua kama anayeshiriki. Baadhi yetu tulijivuna kwamba fomu za Kiswahili zilitangulia: kwa miaka mingi zimesema “mshiriki” badala ya “mtafitiwa”. Nadhani tuliharakisha kujivuna. Kushiriki, kwa Kiswahili, ni kuwa na fungu. Mkulima wa kahawa au pamba aliyewahi kuwa mwanachama wa ushirika anajua kwamba ushirika una hisa na mgawo. Basi mtu aliyetoa damu na muda wake, akasikia miaka mitano baadaye kwamba dawa imethibitishwa lakini haimo katika zahanati yake, ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi. Azimio lenyewe linataka mipango ya upatikanaji wa matibabu baada ya jaribio ifanywe kabla jaribio halijaanza. Fomu inayotumia neno “mshiriki” bila kueleza mpango huo inatoa ahadi isiyokusudia kuitimiza. Katika hali hiyo “mtafitiwa”, pamoja na ukavu wake, lingekuwa neno la kweli zaidi.

Kiswahili cha ng’ambo ya mpaka

Tatizo huongezeka fomu inapovuka mpaka. Chukulia neno “mganga”. Nchini Tanzania kuna Mganga Mkuu wa Serikali, naye ni daktari. Katika pwani ya Kenya, mganga kwa kawaida ni mtaalamu wa tiba za jadi. Mashariki mwa Kongo, “munganga” ni daktari wa hospitali. Neno moja linaelekeza kwenye mamlaka mbili tofauti za tiba, na mamlaka ndiyo inayomfanya mtu aamini au asite.

Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, jaribio la PALM lililinganisha dawa nne za Ebola Kongo Mashariki na kuwahusisha wagonjwa 681. Lilionesha kwamba dawa mbili kati ya hizo ziliokoa maisha zaidi, na mafanikio hayo hayabishaniwi hapa. Ninalosisitiza ni kwamba mgonjwa wa Beni au Butembo mwenye homa kali, anayezungumziwa na mtu aliyejifunika mwili mzima, hawezi kubebeshwa pia kazi ya kukisia Kiswahili sanifu. Usanifu una nafasi yake katika vitabu vya shule na nyaraka za serikali. Kando ya kitanda cha mgonjwa, lugha sanifu ni ile anayoielewa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba sayansi inahitaji istilahi thabiti, na kwamba kutumia maelezo marefu ni kukiri kuwa Kiswahili hakiwezi. Nimewahi kuwa upande huo. Katika fomu niliyoitaja nilipendekeza “kilinganishi” mahali pa dawa bandia. Wenzangu wa chuo walilisifu neno hilo. Mhudumu wa afya wa kijiji alipowasomea akina mama kumi, hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza maana yake, na wawili walidhani ni kifaa cha kupimia uzito. Tulipoandika “kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake”, akina mama walielewa, na mmoja akauliza swali ambalo kamati yetu nzima haikuliuliza: mtoto akizidiwa akiwa katika kundi hilo, nani ataambiwa? Fomu ikabidi irekebishwe, si katika lugha tu bali katika utaratibu wa utafiti wenyewe. “Kilinganishi” kinaweza kubaki katika kamusi ya wataalamu. Katika fomu hakikuwa na kazi.

Pingamizi la pili ni muda na gharama, hasa wakati wa mlipuko. Lina uzito. Lakini milipuko hujirudia, na matini za msingi zinaweza kuandaliwa na kujaribiwa katika kipindi cha utulivu, kama zinavyoandaliwa dawa na vifaa.

Hitimisho na mapendekezo

Makala yamebainisha kwamba fomu inaweza kupita tafsiri rejeshi bila dosari na bado ikashindwa kutimiza sharti la uelewa. Kwa msingi huo, ninapendekeza mambo manne. Kwanza, kamati za maadili zisikubali tafsiri rejeshi kuwa ushahidi pekee. Zidai ripoti ya usomaji wa fomu kwa watu wa mahali husika, ambao wataombwa kueleza kwa maneno yao wenyewe walichokielewa. Pili, fomu iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo pale washiriki wanapokuwa Waswahili, na Kiingereza kiwe tafsiri inayopelekwa kwa mfadhili. Tatu, kila kamati iwe na mjumbe wa lugha mwenye kura, badala ya msahihishaji anayeitwa mwishoni. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iliyoko Bujumbura ziandae kwa pamoja benki ya sentensi zilizojaribiwa, zikioneshwa zinaeleweka wapi na hazieleweki wapi, Kongo Mashariki ikiwamo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Fomu nzuri ya ridhaa ni ile inayomwezesha mama kuuliza swali ambalo mtafiti hakulitarajia. Ikiwa baada ya kusomewa kurasa zote hana swali hata moja, kamati isiharakishe kuandika kwamba ameelewa.