Kiuno Hufuata Mguu

Anayeiona baakisimba, ngoma ya Baganda wa Uganda, kwa mara ya kwanza hutazama kiuno, wala hana kosa. Mavazi yenyewe yamepangwa ili macho yake yaende huko. Mchezaji amejifunga vitambaa nyongani hadi vimefura, na juu yake kaning'iniza ngozi ya mbuzi yenye manyoya marefu, ambayo hutikisika hata kwa mwendo mdogo. Lakini mwalimu wa ngoma hii, akisimamishiwa wanafunzi wapya, hataki kusikia habari za kiuno. Anataka miguu. Magoti yalegee kidogo, uzito uhame kutoka unyayo huu kwenda huu, visigino viinuke na kushuka kwa zamu, hatua fupi zisizo na haraka. Mwanafunzi atakariri hilo mpaka achoke. Miguu ikishashika mwendo, nyonga huanza kuzunguka bila kuamrishwa, na anayezilazimisha kabla ya hapo huonekana mara moja: mabega yanayumba, kichwa kinapepesuka, mikono inatafuta pa kushika.

Hapo ndipo ilipo fahari ya kazi hii. Chini ya kitovu kuna dhoruba, juu yake hakuna kilichotokea. Mikono imekunjwa viwikoni na kutandazwa pembeni, shingo imenyooka, uso unatabasamu kama wa mwenyeji anayekaribisha wageni. Sisi wa pwani tuna desturi ya kukata kiuno na tunadhani tunaijua. Nawaomba radhi mashabiki wa taarab ya siku hizi, lakini huku wenzetu wamefika mbali zaidi.

Baakisimba ni sanaa ya kasri la Kabaka, mfalme wa Baganda, na Nakivubo si mahali ambapo mtu angekwenda kuitafuta. Ni bonde la biashara katikati ya Kampala: mfereji unaochukua maji machafu ya mji kuyapeleka Ziwa Viktoria, Soko la Owino na mitumba yake, mabasi, maduka ya Shauriyako, na uwanja wa mpira uliojengwa mwaka 1926 kuwakumbuka askari wa Uganda waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao ulivunjwa, ukajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Hata hivyo kilima cha Mengo, penye Lubiri, kasri la Kabaka, kiko karibu mno, mtu huenda kwa miguu. Na katikati ya maduka hayo zimebanana shule za msingi. Ufikapo msimu wa mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo, kelele za makondakta wa teksi hupata mshindani.

Sikiliza kwanza empuunyi. Ndiyo ngoma yenye kazi inayodharauliwa kuliko zote: pigo moja zito, lilelile, bila pambo, tangu mwanzo hadi mwisho. Mpigaji wa empuunyi akipotea, wote wamepotea. Juu yake huingia nankasa, ngoma ndogo ipigwayo kwa vijiti, kali kama chapuo letu. Engalabi, ambayo Mzaramo angeiita msondo bila kusita, ni ndefu, ina ngozi upande mmoja tu, na kwa asili ngozi hiyo ni ya kenge. Kisha embuutu, mama yao, yenye ngozi ya ng'ombe juu na chini, iliyokazwa kwa kamba za ngozi. Nyingi za ngoma hizi huchongwa Mpambire, kando ya barabara ya Masaka, ambako mafundi huzipanga mbele ya vibanda vyao na wasafiri huziona toka garini.

Mwanafunzi wa embuutu hafundishwi kuhesabu. Hufundishwa kusema. Mapigo yana matamko yake, na jina lenyewe la baakisimba linaweza kutamkwa kwa mpigo wake. Atayasema kwa mdomo mpaka ulimi usikosee, ndipo aruhusiwe kuweka viganja kwenye ngozi: katikati sauti nzito, ukingoni sauti kavu. Akishajua hayo bado hajawa mpigaji. Atakuwa mpigaji siku atakapoweza kumtazama mchezaji na kumjibu, kwa sababu embuutu na miguu ile huzungumza, na hakuna wa kusema peke yake.

Zamani elimu hii ilikuwa na makao na posho. Wapigaji wa Kabaka walitoka vijijini kwa zamu kuja kasrini, na utumishi wao uliambatana na ardhi waliyopewa. Baadhi ya michezo ilikuwa na wenyewe hasa: amaggunju, ngoma ya kuinua goti na kuruka, ni ya ukoo wa Butiko. Baganda husimulia kwamba Mulondo alirithi ufalme akiwa mtoto mchanga, na mjomba wake Gunju akabuni mchezo huo ili mfalme asilie mbele ya watu. Kisha tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali likaishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Wapigaji wakatawanyika, na hadi Kabaka Mutebi II alipotawazwa mwaka 1993 hapakuwa na kasri la kumwajiri mtu yeyote.

Wameksiko wana kisa kinachofanana na hiki. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka mwaka 1521, na ngoma za ibada zikajificha chini ya sikukuu za watakatifu wa Kikatoliki. Leo hufundishwa viwanjani, hata California, wakubwa kwa wadogo, kwa ngoma ya kusimama iitwayo huehuetl na njuga za mbegu kifundoni. Kilichoziokoa ni watu waliokuwa tayari kumfundisha yeyote aliyekuja.

Uganda nayo ilifanya hivyo. Evaristo Muyinda, aliyepiga muziki kasrini, alifundisha katika Makumbusho ya Uganda, Mganda na mgeni vilevile. Kikundi cha taifa, Heartbeat of Africa, kilichoanzishwa miaka ya mwanzo ya uhuru, kiliwakusanya watu wa makabila mbalimbali wakajifunza michezo ya wenzao. Katika miaka ya 1980 Stephen Rwangyezi akaanzisha Ndere Troupe, akiwachukua vijana wa familia maskini ambao ngoma iliwasaidia kupata karo. Leo mtoto wa Kiacholi anaweza kucheza amaggunju vizuri kuliko mjukuu wa Butiko. Wapo wanaonung'unika. Mimi naona Gunju mwenyewe, aliyetaka tu mtoto anyamaze, angepokea msaada wa yeyote.

Ninachokililia mimi ni mwendo. Baakisimba huanza polepole, hupanda kuingia sehemu iitwayo nankasa, kama ile ngoma ndogo, kisha muwogola, ambapo kasi huwa ya kutisha. Jukwaa la shule lina saa ya mwamuzi, na sherehe ya kwanjula, yaani ya utambulisho kabla ya ndoa, ina mshereheshaji mwenye haraka ya kuwaita wakwe. Basi vikundi vingi hurukia muwogola, maana ndiyo inayopigiwa vigelegele na kutunzwa noti. Sehemu ya polepole hukatwa. Na ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa kasi huficha makosa na utulivu huyaanika.

Kwa hiyo ukialikwa kwanjula, au ukifika Ndere Centre, makao ya Ndere Troupe, jioni ya Jumapili, wahi kabla watu hawajachangamka. Usitazame kiuno, kitakupata tu. Tazama shingo ya mchezaji wa tatu au wa nne, yule asiyewekwa mbele, kisha viganja vya mwenye embuutu. Mmoja akibadilisha, angalia inachukua muda gani kabla ya mwenziwe kujibu. Kwa waliofunzwa vizuri, hutauona.