Dozi ya Saa Sita Usiku

Usiku wa kwanza wa homa, nyumba nyingi za Segera husimamia kazi vizuri hadi saa tatu. Kipimo kimeonyesha malaria, mtoto wa kilo kumi na moja amemeza kidonge cha kwanza cha mseto saa kumi alasiri baada ya maziwa, chandarua kimechomekwa, joto limeshuka. Hapo sina neno. Saa sita inafika, kidonge cha pili kiko mezani, na wakubwa wote wanaafikiana: mwacheni alale, jamani, kachoka. Uamuzi huo ni mbovu, na huruma haiutakasi. Mseto una dawa mbili. Artemeta huua vimelea haraka na kutoweka mwilini haraka vilevile. Lumefantrini hubaki siku kadhaa kumalizia kazi, lakini hutaka mafuta ili ifyonzwe, na siku ya kwanza mtoto hana hamu ya kula. Ndiyo maana dozi mbili za mwanzo hutenganishwa kwa saa nane, kisha nne zinazobaki huwa za asubuhi na jioni. Kusukuma ya pili hadi kunapokucha ni kuvipa vimelea nafasi vikiwa bado vingi. Na joto kushuka si ushahidi wa kupona. Hiyo inaweza kuwa kazi ya parasetamo tu.

Zaidi ya hapo, kumwamsha ni kumpima. Mtoto aliyelala tu ataamka, atalia, atanyonya. Asiyeamka hana usingizi, ana malaria kali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, wa Muheza na Korogwe wakiwamo, walikufa asilimia 10.9 ya waliotibiwa kwa kwinini na asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti. Hao walikuwa tayari wodini, mikononi mwa waganga. Kutoka Segera hadi hospitali ya Magunga, Korogwe, ni lami, lakini aliye ndani ndani Handeni anahitaji kila saa anayoweza kuipata.

Watasema usingizi ni dawa. Kweli, ila robo saa ya kumeza kidonge haiufuti. Watasema atatapika. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi hurudiwa. Wengine watasema mwongozo wa tiba unazitaja saa nane kama jambo bora, si sharti. Sawa, lakini dawa ikiwa mezani, kilicho bora kinaachwa kwa sababu gani? Kwa tabia hii ya kuacha dozi, mimi lawama yangu ya siku zote ni kwa SP (sulfadoksini na pirimethamini). Klorokwini, iliyoitangulia, ilikuwa chungu, iliwasha mwili na ilitaka siku tatu, na akina mama wa enzi zile waliwashika watoto wakazimaliza. Ikaja SP mwaka 2001, dozi ya mara moja, na hadi mseto unaanza kutumika karibu na mwanzo wa 2007 tulikuwa tumeshazoea kwamba tiba inaishia kwenye dirisha la dawa.

Baada ya dozi ya sita usingizi wenyewe huvurugika: analala mchana, anakesha usiku, hataki kuachia kifua. Arudishwe polepole kwenye saa zake za zamani. Hilo halina ufundi mkubwa. Ila piritoni ya kumlaza, inayouzwa dukani kama maji, sitaacha kuipiga vita. Homa ikirudi wiki ile, nani atajua mtoto amelegezwa na malaria au na chupa?