Mbolezi ikiamsha watu, bembelezi ikiwasimamisha

Mwanafunzi yeyote wa sekondari nchini Kenya atakukariria orodha hii bila kukwama: mbolezi ni nyimbo za kuomboleza, bembelezi ni za kumlaza mtoto, nyiso ni za jandoni, wawe ni za wakulima, kimai ni za mabaharia, hodiya ni za kazi. Akiongeza dhima nne au tano, alama zake kamili. Nimesahihisha majibu ya namna hii kwa miaka mingi, na siwalaumu watoto kwani ndivyo vitabu vyao vinavyosema. Ila kila nipitapo Gede nikitoka Kilifi kwenda Malindi, huiona orodha hiyo ikiumbuliwa na historia ya upande huu wa pwani.

Hebu tuanze na kifudu. Kwa Wagiriama, kifudu ni ngoma ya matanga, ngoma nzito yenye miiko yake, si ya kuchezwa ovyo. Katika daftari la mwalimu ingetumbukizwa moja kwa moja katika fungu la mbolezi na kupewa dhima ya “kuwaliwaza waliofiwa”. Basi, yameisha. Lakini mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, aliichukua ngoma hiyo akatembea nayo kijiji hadi kijiji. Serikali ya Mwingereza ilikuwa ikidai kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi za watu wengine, na afisa wake, Arthur Champion, alikuwa akiitisha mabaraza. Barazani watu walikwenda kwa kusukumwa. Kwenye kifudu walikwenda wenyewe. Wakamfuata Mekatilili, na huko Kaya Fungo vikaliwa viapo, cha wanaume na cha wanawake, vya kutoshirikiana na serikali. Alikamatwa mwaka huo huo pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu, mamia ya kilomita. Agosti mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Kwa nini kifudu na si ngoma nyingine? Wagiriama hawakuwa na uhaba wa ngoma za kuchangamsha. Tafsiri yangu ni hii: mwaliko wa matangani haukataliki. Mtu huenda kwenye kilio hata cha jirani asiyesalimiana naye. Na ngoma ya matanga ikilia pasipokuwa na maiti, kila aisikiaye hana budi kuuliza, jamani, amekufa nani? Mekatilili alikuwa na jibu la swali hilo. Sidhani mdundo peke yake ungeweza kazi ile. Wimbo ulihamishwa kutoka mahali pake, na ule mshtuko wa kuusikia mahali pasipo pake ndio uliowatia watu mori.

Sasa tuelekee kaskazini, hadi Mto Tana kwa Wapokomo. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kuitungia Kenya wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya, na Kasisi Thomas Kalume, Mgiriama. Lahani waliyoichagua ilitoka kwa Mzee Meza Galana, Mpokomo, nayo ni ya bembelezi. Ni sauti ya mama anayetaka mtoto anyamaze alale. Wafaransa walijichukulia wimbo wa askari wa mwaka 1792, wenye mwendo wa gwaride na harufu ya damu. Sisi tukachukua wa kitandani, tukautia maneno ya dua.

Kwa orodha ya mwalimu, lahani hiyo ilipaswa kutusinziza. Badala yake hutusimamisha wima, mikono ubavuni. Mwanariadha wetu akipanda jukwaani ng'ambo, medali shingoni, ikaanza kupigwa, hata yule aliyekuwa akiitukana serikali asubuhi utamwona anapangusa macho. Nami naamini upole wa lahani yenyewe umechangia. Inapanda taratibu, haimkaripii mtu, na kwa kuwa haimkaripii, anaijia mwenyewe. Anayetaka kulijaribu hili auvumishe mdomoni bila maneno, polepole, usiku. Atamsikia mama wa Kipokomo.

Kuna kitu kingine ambacho lugha yetu imekiona kabla ya wahakiki. Mtu anayejivuna tunamsema. Anayejivunia tunampongeza. Kinachotofautisha vitenzi hivyo viwili ni kiambishi kimoja tu, kile cha kauli ya kutendea, nacho kina masharti: kinadai yambwa. Huwezi kujivunia hivi hivi, lazima useme unajivunia nini. Majivuno hayadai kitu. Yanajitosheleza, ndiyo maana yanaudhi. Mimi hukitumia kiambishi hicho kama mizani ya kupimia nyimbo za sifa. Zipo nyimbo nyingi sana za kizalendo, hasa zinazopigwa sikukuu za kitaifa, zinazotutaka tujivune tu, na zikimalizika hujui ulichosifiwa.

Na “Jambo Bwana” je? Wenzangu vyuoni huubeza, eti ni Kiswahili cha watalii. Kweli, sisi hatuamkiani hivyo. Salamu yetu ni “hujambo”, na ukiikata kichwa unabakiwa na “jambo”, yaani shauri, tukio, kitu. Lakini vijana wa Them Mushrooms, watu wa Kaloleni katika kaunti hii hii ya Kilifi, walijua wanamwimbia nani. Wimbo ulitoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ujerumani likatoa toleo lake. Kwa watu wengi duniani hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili kuyatamka. Mkenya aliyeko Toronto wakati wa theluji akiusikia dukani atasimama kidogo, na hapo anajivunia, tena yambwa ipo. Ukipigwa hotelini kando ya sinia la maji ya machungwa, hiyo ni biashara, na biashara si dhambi. Wimbo ni ule ule.

Lililonishughulisha zaidi nililisikia katika hoteli moja ya ufuoni. Akina mama waliovaa hando walikuwa wakicheza, kayamba zinatikiswa, na msema-kweli wa shughuli, kipaza sauti mkononi, akawaeleza wageni kwamba huo ni wimbo wa kuwakaribisha. Kigiriama changu ni cha jirani, lakini kilitosha kunijulisha kwamba anayeimbwa ni marehemu. Wageni wakapiga makofi na kucheka. Baadaye nikamuuliza mmoja wa wachezaji, mama wa makamo, kama haoni vibaya. Akanitazama kama anayemwonea mtu huruma. “Mwalimu,” akasema, “hawa tunawapa mguu na kiuno. Wimbo wenyewe hasa tunauimbia nyumbani.”

Nilikuwa tayari kuandika makala ya kulaani, kwamba utalii umeua utamaduni, kama tulivyozoea kuandika. Jibu la mama yule halikuniruhusu. Alikuwa ameuhamisha wimbo kwa kujua, kama Mekatilili alivyouhamisha wake, ila yeye aliufanya kinyume: wa kwanza aliubeba uzito wote wa kilio akautoa nje, huyu anauacha uzito nyumbani, anatoka na mifupa. Hapo fahari ipo, imefichwa tu. Wasiwasi wangu uko kwingine. Huko nyumbani, ni nani anayemsikiliza?

Magofu ya Gede yamesomwa vilivyo. James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, akapima kuta, visima na msikiti. Lipo kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Julai 2024 UNESCO ikauandikisha mji huo kuwa Urithi wa Dunia, na ni haki yake. Basi tunajua mwaka aliozikwa mtu yule, lakini hatujui alililiwa kwa wimbo gani, kwa sababu wimbo hauachi vigae. Wagiriama wanaoishi kando ya kuta hizo leo nyimbo zao bado zina wenyewe, na lugha si kisingizio. Kigiriama, Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, lugha za Kisabaki. Mswahili anayejua kwamba mji ni “mudzi” na maji ni “madzi” ameshavuka mlango.

Walimu wa fasihi simulizi wa Gede, Dabaso na Mida wangeweza kuanza muhula huu. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aende kwa bibi yake na daftari, si na kitabu cha marudio. Swali la dhima liachwe kwanza. Aulize wimbo huu ni wa nani, huimbwa saa ngapi, ni nani haruhusiwi kuuimba, na ni lini mara ya mwisho uliimbwa mahali pasipo pake.