Namna ya Kuipima Bustani ya Mitunguu

Usiipime bustani ya Mitunguu ukiwa barabarani. Hapo utaona ua wa kayaba uliokatwa ukanyooka, bogenvilia juu ya lango na uwanja wenye mistari ya ufagio, nawe utatoa alama mapema mno. Piga hodi uingie, tena asubuhi, maana huku chini ya miteremko ya Mlima Kenya jua halina subira, na kufikia saa tano ndege wengi wamekwisha kujificha.

Anzia migombani, kwa kuwa Mitunguu ni ndizi kabla haijawa kitu kingine. Shina lililotunzwa lina mama, binti na mjukuu: mmoja amebeba mkungu, wa pili anamfuata, wa tatu ndiyo kwanza anachomoza. Machipukizi yaliyozidi yameondolewa. Chini pawe na majani makavu. Yafunue kwa mguu. Ukikuta unyevu, nyungunyungu na jongoo, umekuta kazi ya mtu. Ukikuta udongo mtupu uliokauka, hata mkungu ukiwa mnene kiasi gani, mwenye boma anakula akiba.

Hapa ndipo wageni wengi hukosea: huona majani yametapakaa wakadhani ni uvivu. Angalia vigogo vya migomba iliyovunwa. Kama vimepasuliwa na kukatwakatwa vikauke upesi, mwenyewe anajua anachofanya. Kigogo kilichoachwa kizima huwa nyumba ya fukusi, na huo kweli ni uvivu.

Inua macho sasa. Wakulima wengi hukata ua la mgomba mkungu ukishakamilika, na wana haki, kwa sababu ndizi hizi hazihitaji uchavushaji ili zinenepe. Lakini boma lililoacha mawili matatu yaning'inie lina nyuki na chozi, na mimi huliongezea alama bila aibu.

Mtihani mkubwa ni mnana. Dume hurarua ukanda mwembamba wa jani la mgomba au nyasi ndefu, akaufuma mpaka ukawa kiota, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mbawa na kelele kumwita jike. Jike huingia, akavutavuta kuta kwa mdomo. Kiota kilichopauka hakimpendezi. Kikikataliwa kwa siku kadhaa, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Kwa hiyo usihesabu viota, tazama rangi. Mti wenye vibichi vya kijani katikati ya vilivyokauka ni mtaa unaoishi. Wenye vya kahawia pekee ni wa msimu uliopita.

Kati ya miti, muringa una nafasi ya kwanza kwangu. Ukichanua, chini hujaa maua meupe na juu nyuki hawasikilizani. Tena mizinga ya jadi huchongwa kwa gogo lake. Mgrevilea nauheshimu kwa mbao na majani yake, lakini safu ya migrevilea mitupu hainichangamshi.

Kinyonga kwenye ua wa kayaba ni alama ya juu, hasa akiwa mtulivu. Watu wengi humwogopa na kumpiga mawe, hivyo akinenepa bomani ujue watoto wa hapo wamefundishwa. Yule wa pembe tatu usimtafute huku. Yeye hupenda baridi ya juu mlimani. Nduma zikiota panapovuja bomba la kunyunyizia, sikiliza vyura, uendelee.

Mwisho muulize mwenye boma kuhusu mnana. Akijibu tu kwamba ni ndege wazuri, usimwamini sana. Anayestahili alama atakulalamikia: atakuonyesha jani walilolichana jana, akutajie mgomba wanaoupenda na saa wanayoanza fujo, na ukimuuliza mbona hajakata tawi lenye viota, atabadilisha mazungumzo na kukukaribisha chai.