Sekunde Nne

Katika wilaya nyingi za Marekani, kesi ya kuendesha gari kwa ulevi hukabidhiwa mwendesha mashtaka aliye mchanga kuliko wote ofisini. Kwa kuwa mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa makosa madogo, ndiyo anayojifunzia kazi kijana aliyetoka chuoni juzi. Upande wa pili humkuta wakili wa utetezi ambaye pengine hana kesi nyingine ila hizo, mwaka nenda mwaka rudi. Na mambo yaliyomo si madogo hata kidogo: mna kemia, mna elimu ya macho, mna hesabu za jinsi mwili unavyopunguza kileo, mna Katiba. Mwaka 2022 pekee, watu 13,524 walikufa nchini humo katika ajali zilizohusisha dereva aliyelewa. Mzigo huo haufai kubebwa na mwanagenzi peke yake.

Wa kumsaidia yupo. Majimbo mengi yana mwendesha mashtaka mzoefu mmoja au zaidi, ambaye kazi yake ni kuwafundisha na kuwashauri wenzake na polisi juu ya makosa ya barabarani. Wenyewe humwita TSRP, kifupi cha jina la Kiingereza Traffic Safety Resource Prosecutor. Kwa kawaida mshahara wake hutokana na fedha za usalama barabarani za serikali kuu. Baadhi yao huendesha kesi nzito wenyewe, lakini sehemu kubwa ya kazi yao haionekani mahakamani: ni simu ya usiku kutoka kwa kijana mwenye kesi asubuhi, ni darasa la askari, ni saa nyingi mbele ya video.

Ninachokistahi zaidi ni hizo saa za video. Chukua kipimo cha macho. Askari humsimamisha dereva, hushika kalamu umbali wa kama sentimita 30 hadi 38 kutoka usoni pake, kisha huisogeza taratibu upande hadi upande. Mtu aliyelewa, mboni zake hurukaruka bila yeye kujijua. Askari hutafuta dalili tatu katika kila jicho, jumla sita. Moja huonekana kalamu inapofika mwisho wa upeo wa jicho, na hapo kanuni inamtaka askari aishikilie isiyumbe kwa angalau sekunde nne. Gizani, magari yakipita kwa kasi pembeni, sekunde mbili humdanganya askari zikaonekana nne. Wakili wa utetezi anayo saa, naye atazihesabu mbele ya raia wanaoamua kesi.

Basi mtaalamu huyu huketi na askari, wakaitazama video pamoja, wakahesabu. Hamfundishi askari maneno ya kusema. Humzoeza kueleza alichokiona kwa lugha ambayo fundi bomba aliyeitwa kuamua kesi ataielewa. Kama sekunde hazikutimia, humwambia akiri hivyo akiwa kizimbani, bila kuzungukazunguka. Shahidi anayekubali kasoro kabla hajaulizwa maswali ya dodoso huaminika kwa yale mengine aliyoyafanya sawasawa.

Sheria nayo haitulii. Mwaka 2013, katika kesi ya McNeely, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kule kupungua kwa kileo mwilini hakutoshi peke yake kumruhusu polisi kuchukua damu bila kibali cha jaji. Mwaka 2016 ikaongeza kuwa pumzi inaweza kupimwa bila kibali baada ya dereva kukamatwa, ila kukamatwa peke yake hakutoshi kuruhusu damu ichukuliwe. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ilitengua hukumu ya dereva wa New Mexico kwa sababu aliyefika kuitetea ripoti ya maabara hakuwa yule aliyeipima damu. Kila uamuzi wa namna hiyo hugeuza utaratibu wa vituo vya polisi na maabara, na lazima awepo mtu wa kuusoma wote, kuufupisha na kuufikisha hadi kwa askari wa zamu ya usiku.

Ufundi huu una upande mwingine unaosahaulika: kujua kesi isiyofaa kufikishwa mahakamani. Mwaka 2023 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts iliyakataa matokeo ya vipimo vya pumzi vya kuanzia Juni 2011 hadi Aprili 2019, kwa sababu ofisi ya serikali iliyosimamia mashine ilificha kumbukumbu za kasoro zake. Kesi za watu wapatao 27,000 ziliguswa. Mwendesha mashtaka anayeijua mashine vizuri huomba kumbukumbu hizo mapema na kuukabidhi upande wa utetezi hata zinapomuumiza. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo cha ubora wake kuliko idadi ya hukumu alizopata.

Hata Kenya iliuona uzito wa mambo haya mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilipoamua kuwa kanuni za alcoblow, kipima pumzi cha polisi, zilipingana na Sheria ya Trafiki. Kifaa kilikuwepo na askari walikuwepo. Kilichopwaya ni sheria iliyovishika pamoja. Serikali zetu zinapotenga fedha za kununua vipima pumzi vingine, zitenge pia mshahara wa mwanasheria mmoja mzoefu ambaye askari na waendesha mashtaka wataweza kumpigia simu.