Dagaa Badala ya Fimbo

Yeyote anayefunza mbwa kwa zawadi huku Mbeya na Iringa anastahili pongezi, maana wengi wetu bado tunaamini mbwa wa ulinzi hufundwa kwa mnyororo na fimbo. Kazi yenyewe inachosha. Mbwa analazwa juu ya gunia, mfunzaji anasubiri mpaka pumzi zitulie na masikio yalegee, ndipo dagaa mmoja wa Nyasa anawekwa kimyakimya katikati ya miguu ya mbele. Bodaboda ikipita mbali naye asiinuke, anapata mwingine. Kinachozawadiwa ni utulivu wenyewe, si mbwembwe za kutoa mkono.

Ushahidi hauko mbali. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufunza panya buku kwa mlio mfupi na ndizi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Umakini ule haupatikani kwa kipigo. Wapo watakaosema mbwa mpole hakamati mwizi. Lakini mbwa aliyetulia bado hubweka usiku mtu akiruka ua. Anachoacha ni kumrukia mtoto anayeleta maziwa. Fimbo humfundisha kuficha mngurumo, na mbwa asiyenguruma huuma bila onyo, jambo la hatari katika nchi yenye kichaa cha mbwa. Kuhusu gharama, dagaa hao wapunguzwe kwenye mlo wake wa jioni. Ghali ni muda, na huo ndio mfunzaji anaopaswa kulipwa vizuri zaidi.